Harufu ya choo cha paka ndani ya nyumba: vifaa vya umeme vinavyosaidia na vinavyomuumiza paka

Nyau_Wawili (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Leo naliweka hapa ili mwenye paka asije akafanya nilichofanya mimi. Nina paka wawili, jike na dume, wote wamehasiwa, na hawatoki nje. Choo chao, yaani sanduku lenye mchanga, kinakaa ndani ya kabati la ukumbini. Harufu ilikuwa inanitesa, hasa asubuhi ukifungua mlango wa chumba cha kulala.

Nikanunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi. Maelezo yake yalisema kinatoa "oksijeni hai" inayoua harufu. Nikakitundika ndani ya lile kabati. Siku ya pili harufu ilipungua kweli, ikabaki harufu nyingine kali, kama ya hewa baada ya radi kupiga. Nikaona nimepata dawa. Wiki haikuisha, jike akaanza kukohoa: anajikunyata, shingo ameinyoosha mbele, kikohozi kikavu, hakitoki kitu. Kisha akaacha kabisa kuingia kabatini, akawa anakojoa kwenye zulia nyuma ya kochi. Nilimgombeza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana alikuwa ananiambia kitu na mimi namgombeza.

Daktari wa mifugo alimsikiliza kifua, kisha akauliza kama kuna kifaa kipya nyumbani. Nilipomweleza, akaniambia nikifika tu nikichomoe.

"Oksijeni hai" ni ozoni, wakuu. Ni gesi yenye atomi tatu za oksijeni, na inakera mapafu ya binadamu na ya mnyama. EPA, shirika la mazingira la Marekani, limeandika wazi kwamba ozoni ikiwa katika kiwango kisichovuka mipaka ya afya, uwezo wake wa kuondoa uchafu wa hewa ni mdogo. Yaani ukiipunguza isiumize, haifanyi kazi. Ukiiongeza ifanye kazi, inaumiza. Jimbo la California tangu 2010 linadhibiti visafisha hewa vya ndani: ozoni inayotoka isizidi sehemu 0.05 kwa milioni. Sasa mimi nilikuwa nimeifungia ndani ya kabati, na paka anaingia humo na pua yake iko sentimita chache juu ya mchanga.

Baada ya hapo nilikaa nikajifunza kila kifaa kinafanya nini hasa, na nimebaki na kipimo kimoja ninachokitumia kabla ya kununua chochote: kifaa hiki kinaondoa kitu hewani, au kinaongeza kitu hewani? Kinachoondoa nakipa nafasi. Kinachoongeza, iwe ozoni, ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), manukato au mafuta, hakiingii tena nyumbani kwangu.

Niseme kwanza harufu inatoka wapi, maana bila hilo utanunua kila kitu. Mkojo mbichi wa paka hauna amonia nyingi. Una yurea, na yurea haina harufu kali. Bakteria waliomo mchangani wana kimeng'enya kiitwacho yurease. Hicho ndicho kinachoivunja yurea ikawa amonia, na kazi hiyo inachukua saa kadhaa na kuendelea. Ndiyo maana mchanga ulioachwa usiku kucha unachoma macho alfajiri. Paka ana kitu kingine ambacho wanyama wengi hawana, felinini, yenye salfa ndani yake. Ikivunjika inatoa ile harufu ya pekee ya mkojo wa paka, na dume asiyehasiwa anayo nyingi zaidi. Kinyesi ni habari nyingine: kinanuka palepale kinapotoka, kisha harufu inashuka kikifukiwa na kukauka.

Kwa hiyo tunapambana na gesi. Vumbi ni suala jingine. Karibu tujadiliane, wenye uzoefu wa feni, visafisha hewa na vile vyoo vinavyojisafisha waje.

Kochi_la_Kijani

Pole sana mkuu, na pole kwa nyau. Mimi nina kisafisha hewa chenye chujio la HEPA, kikubwa tu, na nimekiweka hatua mbili kutoka kwenye trei. Vumbi limepungua hadi kwenye meza ya televisheni, lakini harufu iko palepale. Kimeharibika au?

Nyau_Wawili

Hakijaharibika. HEPA inanasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3, na ndiyo maana vumbi la mchanga limekwisha. Amonia si chembe, ni molekuli ya gesi, inapita kwenye chujio hilo kama maji kwenye wavu wa samaki.

Inayonasa harufu ni kaboni amilifu, mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vidogo mno. Gramu moja tu ina eneo la ndani la mita za mraba 500 na zaidi, na molekuli za harufu zinaganda humo. Fungua kifaa chako uangalie. Nyingi nilizowahi kufungua zina kitambaa chembamba cheusi kilichonyunyiziwa unga wa kaboni, gramu chache tu. Hicho kinashiba haraka. Unataka kifaa chenye trei au mkebe wa kaboni ya punje, ambao ukiushika mkononi unausikia uzito wake. Kama maelezo yanasema "kina kaboni" bila kutaja ni kiasi gani, mimi nahesabu hakina.

Na jingine ambalo hawalisemi wauzaji: kaboni ya kawaida inanasa vizuri zile harufu za salfa na za kinyesi, lakini amonia inaishika kidogo. Kwa amonia inahitajika kaboni iliyotiwa asidi kidogo kiwandani, au punje za madini ya zeolaiti zichanganywe humo. Ukiona imeandikwa ni ya amonia, hiyo ndiyo.

Halafu msidanganyike na ile namba ya CADR, yaani kasi ya kifaa kusafisha hewa, iliyobandikwa kwenye boksi. Inapimwa kwa moshi, vumbi na chavua. Haisemi lolote kuhusu harufu.

Shuka_Safi

Kaboni ikishiba inaoshwa? Nimeona mtu anasema aliiosha na kuianika juani.

Nyau_Wawili

Hapana dada. Kuiosha kunatoa vumbi la juu tu, kilichoganda ndani ya vitundu hakitoki kwa maji. Jua linatoa kidogo, si cha kutegemea. Na kaboni iliyoshiba, hewa ikipata joto au unyevu, inaweza kuanza kuachia ilichoshika. Unajikuta kifaa chenyewe ndicho kinachonuka. Badilisha pua ikikuambia, usingoje taa ya kifaa. Taa nyingi zinahesabu saa tu tangu ulipobonyeza kitufe, hazipimi chujio.

Ila pua yako inazoea harufu ndani ya dakika chache. Toka nje, kaa robo saa, rudi, halafu vuta pumzi mara moja ukiwa mlangoni. Hapo unapata jibu la kweli.

Fundi_Waya

Mkuu umeeleza vizuri, lakini umeruka kifaa ambacho kwangu ndicho namba moja, nacho ni feni ya kutolea hewa nje. Unahangaika kuchuja ya nini kama unaweza kuitoa?

Nilichofanya: sanduku la paka liko ndani ya kabati la sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Nimetoboa tundu la paka kuingilia mbele, nyuma juu nimeunganisha bomba linalokwenda hadi dirishani. Mwisho wa bomba, kule nje, kuna feni ya kompyuta ya milimita 120, volti 12, inakula wati chache tu. Inawaka saa 24.

Piga hesabu. Kabati hilo lina mita za ujazo 0.216. Feni kama hii ikisukuma bila kizuizi inatoa hewa nyingi, bomba linaipunguza. Tuseme imeshuka hadi mita za ujazo 20 kwa saa. Bado hewa yote ya kabati inabadilishwa mara 90 na zaidi kila saa. Chumba kizima huwezi kukibadilishia hewa hivyo bila mashine kubwa yenye kelele. Siri iko hapo, shika harufu ikiwa bado ndani ya kiboksi chake, kabla haijasambaa sebuleni.

Mambo matatu ya kuzingatia kwa anayetaka kujenga. Feni ikae mwisho wa bomba, upande wa nje, ivute. Ukiiweka ndani ikasukuma, kila penye ufa kwenye bomba hewa chafu inavujia nyumbani. Ikivuta, ufa huo unaingiza hewa safi. Pili, weka kilango chepesi cha kuzuia upepo usirudi ndani. Tatu, usizibe chini ya mlango wa chumba: hewa inayotoka lazima nyingine iingie, la sivyo feni inazunguka bure. Na kama una feni kubwa ya kutoa hewa kwenye chumba chenye hita ya gesi yenye dohani, mwite fundi kwanza, maana feni yenye nguvu inaweza kuirudisha ndani hewa ya moto, na humo kuna monoksidi ya kaboni. Hiyo inaua bila harufu.

Nyau_Wawili

Fundi, nakubali kabisa, nilikuwa nakuja huko. Mimi pia nimeishia na feni, nitaeleza. Niongeze tu kwamba paka anafaidika kuliko sisi. Sanduku lililofunikwa bila feni linatuficha sisi harufu na kumfungia yeye humo. Tunasema "sasa hakunuki", naye anavuta yote.

Bibi_wa_Nyau

Wanangu, mimi nina mashine inayojisafisha yenyewe, ile ya duara inayozunguka. Ni mwaka wa pili sasa. Niwaambie ukweli wake, kwa sababu ni kifaa cha fedha nyingi na mtu asinunue kwa matumaini yasiyo yake.

Kinafanya kazi. Paka akitoka, kinasubiri dakika kadhaa mkojo ugande na mchanga uwe donge, kisha kinazunguka, donge linaangukia kwenye droo ya chini. Kwa kuwa donge halikai mchangani, bakteria hawapati muda ule aliousema mleta uzi. Harufu ya juu imepungua sana. Lakini droo ni ghala. Nikiiacha siku nne, nikiifungua natoka machozi. Kwa hiyo naimwaga kila baada ya siku mbili, na nimebandika kaboni kwenye kifuniko chake. Asiwadanganye mtu kwamba mtasahau choo kwa wiki nzima.

La kuangalia zaidi ni usalama. Mashine inamjua paka kwa uzito na kwa macho ya infraredi. Mtoto wa paka ni mwepesi, inaweza isimwone. Nilipokuwa na kitoto niliizima kabisa, nikawa naizungusha kwa kitufe nikiwa nimesimama pale. Kabla ya kuiamini ijaribuni: ikiwa inazunguka, ingizeni taulo lililokunjwa mlangoni. Isiposimama papo hapo na kurudi nyuma, irudisheni mliponunua. Mimi ya kwanza niliirudisha kwa sababu hiyo.

Na kuna kitu nimekikosa. Zamani nikichota mwenyewe nilijua nani kakojoa madonge mangapi na makubwa kiasi gani. Sasa lazima nichungulie droo kwa makusudi.

Nyau_Wawili

Shikamoo bibi, na asante. Hilo la mwisho ni zito. Madonge yakiwa makubwa na mengi ghafla inaweza kuwa figo au kisukari. Na dume anayeingia chooni mara kwa mara, anajikamua, hakitoki kitu au vinatoka vitone, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, njia ya mkojo inaweza kuwa imeziba. Mkimbizeni kwa daktari, habari ya harufu iacheni kwanza.

Mpenda_Utulivu

Mimi natumia kile kifaa cha kutoa mvuke wa mafuta ya mimea. Ni vitu vya asili, sidhani kama vina shida?

Bibi_wa_Nyau

Mwanangu, kizime kwanza ndipo tuzungumze.

Nyau_Wawili

Sikiliza ushauri wa bibi. Ini la paka halina uwezo mzuri wa kuvunja baadhi ya kemikali, hasa za jamii ya fenoli, kwa sababu vimeng'enya vya kazi hiyo kwake ni dhaifu. Mafuta kama ya mti wa chai, mdalasini na karafuu yanaweza kumdhuru. Kifaa cha mvuke kinarusha matone madogo yanayotua kwenye manyoya, naye anajilamba siku nzima. Kwa hiyo anayavuta na anayala. Asili ni kweli ni asili, lakini mwili wake si wetu. Vilevile zile chupa za kuchomeka za manukato: haziondoi amonia, zinaongeza harufu ya pili juu yake, na paka anaweza kukisusa choo kwa ajili yake.

Kochi_la_Kijani

Je, vya ayoni na vile vyenye taa ya urujuanimno (UV)?

Nyau_Wawili

Vya ayoni vinachaji vumbi liangukie sakafuni na ukutani. Gesi haviigusi kwa maana yoyote utakayoisikia puani, na baadhi vinatoa ozoni pembeni. Taa ya urujuanimno ya nanomita 254 inaua vijidudu ikiwamulika kwa muda wa kutosha, lakini hewa inapita mbele ya kitaa hicho chini ya sekunde, na harufu si kijidudu. Taa za nanomita 185 zinazalisha ozoni kabisa. Nisingetoa pesa yangu.

Isipokuwa taa moja ya aina hiyo ambayo nadhani kila mwenye paka awe nayo: tochi ndogo ya urujuanimno, ya nanomita 365 au 395. Zima taa usiku, mulika zulia, kuta za chini, nyuma ya kochi. Mkojo wa zamani unang'aa rangi ya njano iliyofifia au kijani. Mimi niligundua nusu ya harufu niliyokuwa nailaumu kabati ilikuwa inatoka kwenye zulia! Kipande kile nikakisafisha kwa dawa ya vimeng'enya, nikaiacha ikauke yenyewe. Usiiangalie tochi hiyo machoni, wala usimmulike paka usoni.

Fundi_Waya

Na msisafishe kwa dawa ya klorini. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo inatoa kloramini, gesi inayochoma koo. Jirani yangu alitoka mbio nyumbani kwake kwa jambo hilo.

Shuka_Safi

Kwangu hewa ni nzito, madirisha yanatoka jasho. Harufu inakuwa mbaya zaidi siku hizo. Nimejiuliza kama mashine ya kukausha hewa itasaidia.

Nyau_Wawili

Itasaidia, na inapita kwenye kipimo changu, maana inaondoa maji hewani. Mchanga wenye unyevu haugandi vizuri, unamegekamegeka, mabaki ya mkojo yanabaki chini na bakteria wanaendelea na kazi. Kaboni nayo vitundu vyake vinajaa maji. EPA wanashauri unyevu wa ndani uwe chini ya asilimia 60, vizuri zaidi kati ya 30 na 50. Nunua kwanza kipimo cha unyevu, ni kitu kidogo tu. Ukikuta uko kwenye 45, mashine huihitaji.

Fundi_Waya

Mtu asisahau mchanga wenyewe. Zamani watu waliweka majivu au mchanga wa kawaida, hadi Edward Lowe wa Michigan, Marekani, alipoanza mwaka 1947 kuuza udongo mkavu unaofyonza. Hizi za udongo wa bentonaiti, zinazoganda zikilowa, zikaja baadaye. Mimi naweka kina cha sentimita 6 hivi, kikiwa kifupi mkojo unafika kwenye plastiki na kuganda chini kama simenti.

Nyau_Wawili

Kweli. Na hakuna feni inayoshinda sanduku lisilochotwa. Mimi nachota asubuhi na jioni. Kuna sababu ya afya pia: mayai ya kimelea cha toksoplazma kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa yanahitaji siku 1 hadi 5 kabla hayajaweza kuambukiza, kwa hiyo kuchota kila siku kunakata njia hiyo. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo, au avae glavu na anawe mikono vizuri. Plastiki ikishajaa mikwaruzo ya kucha inahifadhi harufu, ibadilishe. Na masanduku yawe idadi ya paka ukiongeza moja; kwangu ni matatu.

Shuka_Safi

Mkuu, hukutuambia. Yule jike alirudi?

Nyau_Wawili

Alirudi, asante kwa kumuuliza. Nilitupa kifaa kile, nikaacha milango ya kabati wazi wiki nzima, nikaosha kila kitu kwa maji ya moto na sabuni isiyo na harufu. Sikumlazimisha kurudi kabatini. Nilimwekea trei ya wazi palepale nyuma ya kochi alipokuwa anakojoa, kisha kila siku chache naisogeza kidogo kuelekea ukumbini. Kikohozi kilipungua na kikaisha. Kwenye trei alikubali mara moja, ila kabatini ilimchukua karibu miezi miwili.

Feni niliifunga katikati ya safari hiyo, lakini sikuiwasha. Ilikaa pale kimya siku kumi aizoee kuiona. Kisha nikaiwasha kwa kasi ya chini kabisa, usiku, akiwa analala chumba kingine, ili akija aikute tayari inasikika na asishtuke ikianza ghafla. Dume aliingia siku hiyohiyo. Jike alikaa mlangoni, masikio mbele, akinusa ile hewa inayopita kwenye tundu. Alikuja hivyo usiku wa tatu na wa nne. Usiku wa tano nilisikia akifukua mchanga.

Kiasi cha kasi alichokikubali ndicho ninachokitumia hadi sasa. Ningeweza kuongeza, harufu ingekwisha zaidi, lakini nikiongeza anasimama mlangoni tena. Kwa hiyo naibakiza hapo, na tofauti iliyobaki naimaliza kwa kuchota mara ya tatu kabla ya kulala.